Tarakimu za Manjano

Moshi ulikuwa umeifunika Addis Ababa tangu alfajiri. Ilikuwa kumi na mbili ya Hidar, mwezi wa tatu wa kalenda ya Ethiopia, siku ambayo kila kaya hufagia ua na kuchoma taka mbele ya mlango wake, na wapita njia wa mtaa wa Piazza walijifunika pua kwa ncha za shuka zao nyeupe. Inspekta Mulunesh Tafere alishuka kwenye gari la polisi akiwa na vitu vitatu mkobani: flash moja ndani ya bahasha ya lakiri, barua ya aya mbili kutoka kwa mafundi wa kompyuta wa polisi, na hati iliyosema kwamba Anjulo Shano, mlinzi wa nyumba, angesomewa shtaka la mauaji saa nane mchana siku hiyo hiyo. Saa yake ilionyesha saa tatu na robo.

“Tunapoteza muda, afande,” alisema Sajini Demissew, aliyekuwa ameomba mwenyewe kumsindikiza. “Mzee amekwisha kukiri.”

“Amekiri baada ya siku ngapi?”

“Nne.”

“Na vidole vyake?”

“Alianguka.”

“Vidole sita, Sajini. Mtu huangukia vidole sita?”

Demissew alikohoa, akalaumu moshi.

Kesi yenyewe haikuwa na mambo mengi. Bi Aselefech, mjane mwenye nyumba kubwa huko Shiro Meda, alinyongwa kwa kamba ya pazia lake mwenyewe Jumapili ya Tikimt thelathini, kati ya saa saba na saa nane mchana. Lango halikuvunjwa. Funguo zake walikuwa nazo watu wawili: Anjulo, aliyemlinda miaka kumi na minne na kufuma vitambaa kibandani mwake wakati wa mchana, na Surafel, mpwa wa marehemu na mrithi wake pekee. Surafel alileta video. Ilimwonyesha akicheza kwenye karamu ya kumuaga rafiki mjini Bishoftu, mwendo wa saa nzima kutoka Shiro Meda, na kwenye kona ya chini kulikuwa na tarakimu za manjano za siku ile na saa ile. Mwenye karamu alikwisha kuruka kwenda Toronto. Marafiki watatu waliobaki waliapa kwamba ilikuwa Jumapili. Basi akabaki Anjulo.

Barua ya mafundi ilikuwa na mambo mawili. La kwanza, faili la video ile lilizaliwa Hidar tano, siku tano baada ya kifo. La pili, programu iliyolitengeneza iliacha ndani yake jina la duka: Kinfe Video.

Kwenye anwani iliyoandikwa katika leseni ya duka hilo hapakuwa na duka. Palikuwa na shimo, nondo, na nguzo za reli mpya ya mjini. Mulunesh alisimama akimtafuta mtu wa kumwuliza. Alipogeuka, Demissew alikuwa ameshakata kona kwenye uchochoro ulio nyuma ya maduka ya masonara.

“Huku, afande.”

Mlango wa tatu ulikuwa wazi. Bango jipya lilisema kwamba hapo kanda za zamani hugeuzwa kuwa diski, diski kuwa faili, na faili la kamera kuwa faili la simu. Ndani kulikuwa na kompyuta tatu, kaunta yenye diski nyeusi ya pembeni iliyochomekwa waya, na sakafuni, karibu na kizingiti, katoni ya takataka iliyosubiri kupelekwa motoni. Mwenye duka, mzee mwembamba aliyevaa sweta, ambaye mtaa mzima ulimwita Gashe Kinfe kwa heshima ya umri wake, alikuwa anasutwa na mteja.

“Mwanangu wa pekee!” mama huyo alikuwa akisema, kidole chake kikigonga kioo cha kompyuta. “Nimemsubiri miaka kumi na mmoja, nimebatiza Tikimt, wewe unaniandikia Hidar!”

“Sikuandika mimi, mama. Imeandika kamera.”

“Kamera ina mkono?”

“Ina kichwa kigumu. Shemeji yako aliiwekea tarehe zetu, nayo ikakubali kwa shingo upande. Lakini ndani yake imejaa miezi ya wazungu. Ikikaribia mwisho wa Tikimt inaruka siku mbili, inakimbilia Hidar.”

“Inakimbia nini? Imeiba?”

“Zote zinaruka, mama. Tangu zije nchi hii zinaruka.”

“Basi mashine yako ya dukani ingeishika mkia!” Mama akaketi kwa kishindo kwenye stuli. “Siondoki. Hilo faili litaingia kwenye simu yangu likiwa limenyooka.”

Mulunesh alionyesha kitambulisho. Mzee aliinuka. Macho yake yalitua kwa Mulunesh, kisha yakamruka na kwenda mlangoni, ambako Demissew alikuwa ameegemea mwimo, na hayakurudi haraka.

“Faili hili ulilitengeneza wewe?” Mulunesh alichomeka flash.

“Nageuza mafaili thelathini kwa siku, afande. Harusi, ubatizo, matanga.”

“Jina la duka lako limo ndani.”

“Basi nililigeuza.”

“Nani alilileta?”

“Kijana mmoja. Simjui.”

“Mrefu? Mfupi?”

“Wa kawaida tu.”

Demissew alicheka. “Addis nzima ni ya kawaida, afande. Tukanywe kahawa, mzee hana kitu.”

“Sajini, majirani wana moto mkubwa pale nje na wanawake wengi kuliko wanaume. Kawasaidie.”

“Mimi?”

“Wewe.”

Demissew alijitoa kwenye mwimo. Kisha akapita kando ya kaunta, akaokota katoni ya takataka, akatoka nayo.

Mulunesh aliufunga mlango nusu, akaiweka barua ya mafundi mbele ya mzee.

“Soma. Jumapili ya mauaji ni Tikimt thelathini. Faili limezaliwa Hidar tano. Nieleze limepataje kuonyesha jambo lililotokea siku tano kabla ya kuzaliwa.”

Gashe Kinfe alisoma mara mbili. Kisha alivuta kiti, akafungua faili la ubatizo wa mama yule, akalikata kipande cha dakika moja, akakigeuza umbizo kutoka lile la kamera hadi lile la simu. Mstari wa kijani ulitambaa ukafika mwisho. Alibofya faili jipya na kufungua maelezo yake.

“Tazama limezaliwa lini.”

Mulunesh alitazama. Lilikuwa limezaliwa siku hiyo hiyo, saa tatu na dakika hamsini.

“Mtoto huyu amebatizwa leo, afande?”

“Hapana.”

“Ukimimina maziwa kwenye chupa mpya, chupa haijui ng’ombe alikamuliwa lini. Kila faili nililowahi kugeuza lina siku ya kugeuzwa, si siku ya tukio. Aliyekuandikia barua hii amesoma chupa.”

Mulunesh aliikunja barua, akairudisha mkobani. Wakili yeyote wa Surafel angeichana kwa maneno hayo hayo. Ilikuwa saa nne kasoro dakika tano, na hoja aliyoijia ilikuwa imekufa.

“Icheze video,” alisema.

Mzee aliicheza kwenye kompyuta ya pili. Chumba chenye majani mabichi yaliyotandazwa sakafuni, wanaume watano, Surafel katikati, shati la buluu, akitikisa mabega hadi jasho likamtoka. Kwenye kona, tarakimu za manjano. Kila askari aliyeitazama kituoni alizisoma tarakimu zile mara moja na kuridhika, na Mulunesh mwenyewe aliwahi kuzisoma mara tisa: thelathini, mwezi wa pili, mwaka elfu mbili na saba. Mwaka unaanza Meskerem, mwezi wa pili ni Tikimt, na Tikimt, kama miezi yote ya nchi hiyo isipokuwa ule mfupi wa mwisho, ina siku thelathini. Hapakuwa na la kushangaza.

Kwenye kompyuta ya kwanza, picha ya ubatizo ilikuwa bado imesimama. Kasisi, mtoto, maji. Kwenye kona, tarakimu nyeupe: mbili, mwezi wa tatu.

Mulunesh alitazama kioo kimoja, akatazama cha pili, akarudi kwenye cha kwanza. Alimgeukia mama wa kwenye stuli.

“Mama, mwanao alibatizwa siku gani?”

“Jumapili. Tikimt thelathini.”

“Una hakika?”

“Miaka kumi na mmoja, mwanangu! Unaniuliza kama nina hakika?”

“Jumapili ile ile,” alisema Mulunesh polepole. “Gashe Kinfe, mwezi wa pili wa wazungu una siku ngapi?”

“Ishirini na nane.” Kisha akaongeza, kwa mazoea ya kazi, “Kila mwaka wa nne, ishirini na tisa.”

“Kamera ikiwekewa tarehe zetu, inadhani Tikimt ni mwezi gani?”

“Februari,” alisema mzee. Alikuwa ameanza kuvua miwani.

“Umemwambia mama huyu sasa hivi. Kamera zote zinaruka. Zikitoka ishirini na nane zinaingia mwezi wa tatu. Ubatizo wa Tikimt thelathini umeandikwa mbili ya mwezi wa tatu, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Sasa nionyeshe kamera moja, hapa au kwao, inayoweza kuandika thelathini ya mwezi wa pili.”

“Hakuna,” alisema mzee.

“Kwa hiyo tarakimu hizi hazikuandikwa na kamera.”

“Hapana.”

“Programu ya kugeuza huandika yenyewe?”

“Huandika chochote unachoiambia. Haibishi.” Alifuta miwani kwa sweta, ingawa haikuwa na vumbi. “Mzungu asingeandika hivyo, afande. Angejua siku hiyo haipo. Mimi ni mtu wa hapa. Niliambiwa Tikimt thelathini, mkono ukaandika. Nimefanya kazi hii miaka ishirini na mbili, na sikuona.”

“Hakuna aliyeona. Nani alikuambia?”

“Alisema kamera yao haikuwekwa tarehe, na wanataka kumbukumbu. Watu huomba hivyo kila wiki. Aliniandikia kwenye kikaratasi: siku, saa saba na dakika arobaini. Nikaweka. Lakini faili lake la awali lilikuwa na siku yake ndani, nililiona kabla sijaligeuza. Lilikuwa la Jumamosi. Tikimt ishirini na tisa.”

“Na hukusema.”

“Wiki iliyofuata nikasikia redioni kuwa amekamatwa mlinzi. Nikajiambia, mimi nageuza video, sihukumu watu.”

“Nani, Gashe Kinfe?”

Mzee alielekeza kidevu kwenye mlango uliofungwa nusu.

“Yule uliyemtuma motoni. Alikuja kwa nguo za kiraia, lakini bastola ilikuwa kiunoni.”

Mulunesh hakuketi wala hakupaza sauti. “Faili la awali liko wapi?”

“Lipo! Mimi sifuti hovyo. Kila mteja namtunzia lake mpaka Hidar kumi na mbili. Asubuhi nasafisha duka, mchana nasafisha diski. Leo sijafika kwenye diski. Iko hapa—”

Mkono wake ulipapasa kaunta. Palikuwa na waya peke yake.

Moto ulikuwa katikati ya uchochoro, umezungukwa na wanawake wenye fagio. Demissew alikuwa amevua koti na kulitundika begani, akichokoa makaa kwa nondo kama mtu aliyezaliwa mtaani hapo. Harufu ya plastiki ilikuwa imeizidi harufu ya majani. Mulunesh aliichukua nondo mkononi mwa Sajini bila kuomba, akavuta kutoka ndani ya majivu kitu cheusi kilichojikunja, kikidondosha matone yanayowaka.

“Hii ni nini?”

“Taka, afande. Ilikuwa kwenye katoni.”

“Katoni ilikuwa sakafuni. Diski ilikuwa juu ya kaunta, imechomekwa waya.”

“Basi nimekosea. Moshi.”

“Gashe Kinfe, duka lako lilihamia huku lini?”

“Hidar mbili,” alijibu mzee kutoka mlangoni. “Walipobomoa kule.”

“Leseni bado ina anwani ya kule. Sajini, ulikata kona bila kumwuliza mtu.”

“Nilibahatisha.”

“Ulibahatisha uchochoro, ukabahatisha na mlango.”

Wanawake walikuwa wameacha kufagia. Demissew alivaa koti lake, akafunga vifungo vyote, kimoja kimoja.

“Surafel ni nani kwako?”

“Anamwoa dada yangu mwezi wa Tirr.”

“Na Anjulo?”

“Mlinzi, afande.” Alisema hivyo kwa utulivu, kama anayetaja bei ya kitu. “Mfumaji kutoka milimani. Hana mtu hapa.”

“Bastola. Kitambulisho. Mkanda.”

“Kwa ushahidi gani? Umeushika mkononi, unavuja.”

“Huu ulikuwa ushahidi wa Jumamosi,” alisema Mulunesh, akaitupa diski majivuni. “Wa Jumapili, zile tarakimu za manjano, hukuuchoma. Umeulinda mwenyewe wiki nzima, ndani ya bahasha, kwa lakiri ya kituo. Bastola, Sajini. Sitasema mara ya tatu.”

Aliitoa. Dereva wa gari la polisi, aliyeitwa na mmoja wa wanawake, alifika mbio na pingu.

Ndani ya duka, mama wa ubatizo alikuwa amesimama, ameikumbatia simu yake kifuani.

“Gashe Kinfe,” alisema Mulunesh, “chukua flash mpya. Nakili faili la mama huyu, lile lile lililotoka kwenye kamera. Usiligeuze.”

“Hata umbizo?”

“Hata jina.”

“Mtaupeleka ubatizo wa mwanangu mahakamani?” aliuliza mama.

“Ukiniruhusu.”

“Kuna mtu atafungwa kwa ajili yake?”

“Kuna mtu atatoka.”

Mama alifikiri. “Peleka. Ila mrudishe. Na wewe uwaambie kwa kinywa chako, kabla hawajaanza kusoma: si Hidar.”

“Ndicho ninachokwenda kuwaambia.”

Mzee aliikabidhi flash kwa mikono miwili. “Na mimi, afande?”

“Wewe utasema ulichoandika, na aliyekuambia uandike. Kisha utasema ulichosikia redioni na ulichojiambia baada ya kusikia. Kwa maneno yale yale.”

“Maneno yale ni mabaya.”

“Najua. Vaa koti.”

Saa nane kasoro dakika kumi, katika ofisi ya mwendesha mashtaka, vioo viwili viliwekwa sambamba. Mwendesha mashtaka alikuwa mtu asiyependa kuharakishwa. Alitazama ubatizo, akatazama karamu, akamsikiliza Gashe Kinfe hadi mwisho bila kumkatiza. Kisha akaagiza iletwe kamera ya ofisi yake mwenyewe, akajaribu kwa kidole chake kuiandikia siku ya thelathini ya mwezi wa pili. Kamera ikamrudisha kwenye ishirini na nane. Akajaribu tena. Ikamrudisha tena.

“Nilikuwa nimekwisha kutia sahihi,” alisema, bila kumtazama mtu.

Saa tisa na nusu shtaka lilikuwa limeondolewa, na askari wawili walikuwa njiani kwenda Shiro Meda kumchukua Surafel ndani ya nyumba aliyokwisha kuanza kuipaka rangi.

Anjulo aliletwa ukumbini na mlinzi wa gereza. Alikuwa mtu mdogo, mnyoofu, aliyevaa kofia ya sufu ya watu wa kwao, na mikono yake aliibeba mbele ya kifua kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa. Karani alimsukumia karatasi ya kuachiliwa.

“Tia sahihi hapa, baba.”

Anjulo aliinua mikono kidogo ili karani aione. Karani akafungua kidau cha wino.

“Basi dole gumba.”

“Limevunjika.”

“La kushoto?”

“Yote mawili.”

“Kidole kipi ni kizima?”

Anjulo alifikiri kama mtu anayeulizwa jambo la kitaalamu. “Hiki kidogo, cha kushoto. Na vile viwili vya pembeni yake nadhani vitapona. Lakini uzi haushikwi kwa hivi.” Aliviacha vichovywe wino, akakandamiza kimoja mahali alipoonyeshwa. Kisha akamgeukia Mulunesh. “Bibi walimzika lini?”

“Jumatatu. Hidar mosi.”

“Nani alimfungia lango siku hiyo? Huwa linahitaji kuinuliwa kidogo.”

“Sijui, baba.”

Alitikisa kichwa, akatoka akiufuata ukuta wa ukumbi.

Chini ya alama ya kidole, nafasi ya tarehe ilikuwa imeachwa tupu. Karani alichukua mhuri wake wa kuzungusha namba, uliotengenezwa ng’ambo. Mulunesh aliuondoa mkononi mwake, akauweka kando, akaiandika tarehe kwa kalamu, kumi na mbili ya mwezi wa tatu, na mbele yake akaandika jina lake kamili.